Ulijuaje Kuandika Hivyo?

Mama mmoja wa chama aliniuliza swali lililonichukua karibu mwaka mzima kulijibu. Tulikuwa sebuleni kwa shangazi yangu, Jumapili alasiri, wanawake tisa na mimi. Chai ilikuwa imeshamiminwa lakini hakuna aliyeshika kikombe. Nilikuwa nimeitwa nijieleze. Nikawaambia kwamba hadithi niliyoandika ni ya kubuni, kwamba ile sehemu ya pesa niliitunga mwenyewe, hakuna mtu aliyenipa. Yule mama akanitazama juu ya miwani yake.

"Sawa, umetunga. Lakini kijana, ulijuaje kuandika hivyo kama hukusikia mahali?"

Nikanyamaza. Shangazi naye akanyamaza, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu yeye si mtu wa kunyamaza.

Wacha nirudi nyuma. Shangazi yangu anauza mitumba Gikomba. Blauzi za kike, zile za kamera, yaani zinazochaguliwa kwanza beli ikikatwa, kabla mzigo haujashuka mpaka kwa watu wa fagia. Soko lile limeungua mara nyingi hivi kwamba wenyeji huhesabu miaka kwa moto: huyu alinunua kibanda kabla ya moto ule, yule alijifungua baada ya moto huu. Katika moto mmojawapo kibanda cha shangazi kiliisha chote. Nilikuwa bado chuoni. Nilienda kumpa pole, nikakaa naye siku mbili, nikasikiliza, nikarudi hosteli na stori kichwani. Miaka miwili baadaye stori ikatoka kwenye jarida moja la mtandaoni, watu wakaisambaza, na mimi nikaanza kujiita mwandishi.

Mwanamke wa hadithi yangu anauza blauzi Gikomba. Ana mwanya. Anaita kila mteja "mrembo", hata akiwa mzee wa kiume aliyekuja kumnunulia mkewe. Mumewe alitoka jioni moja kwenda kununua kredo ya simu na hajarudi mpaka leo. Yote hayo ni ya shangazi, sikugusa hata nukta. Niliongeza vitu viwili tu. Cha kwanza, asubuhi ya moto mwanamke anapiga magoti kwenye majivu na kulia mpaka sauti inakauka. Cha pili ndicho kilichoniitisha kwenye ile sebule: mwisho wa hadithi msomaji anagundua kwamba pesa za chama, alizosema ziliungua kibandani, hazikuwa kibandani. Alikuwa amezihamisha. Mwalimu wa warsha niliyohudhuria alikuwa ametuambia kwamba hadithi fupi isiyogeuka mwishoni haina faida. Nikatafuta pa kuigeuza. Nikapapata haraka sana, na hiyo haraka ingepaswa kunishtua.

Sasa, pesa za chama zilikuwa zimeungua kweli. Hazikuwa nyingi, michango ya wiki mbili, na wanachama walikuwa wamekubali hasara wakaendelea na maisha. Kisha binti ya mwanachama mmoja akatuma linki ya hadithi yangu kwenye kikundi chao cha WhatsApp, na hesabu iliyokuwa imefungwa ikafunguka upya.

Angalia jambo hili. Mambo ya kweli hayakumuudhi shangazi. Mume aliyepotea? Alicheka: "Huyo hata jina lake ungeweka." Madeni? Gikomba nani hana madeni. Kilichomuumiza ni yale mawili niliyotunga. La pesa linaeleweka. La machozi nililielewa baadaye.

Ukienda kwenye uzinduzi wa vitabu hapa Nairobi, mkono wa kwanza kuinuka huuliza swali lilelile: je, huyu mhusika ni wewe? Mwandishi anacheka, anasema kuna kidogo chake mle ndani, kipaza sauti kinapita. Sisi wahakiki tunauliza hilohilo kwa maneno makubwa zaidi. Tunaweka maisha ya mwandishi upande huu, kitabu upande ule, tunachora mistari ya kuunganisha. Zoezi hilo linachosha. Tangu ile Jumapili mimi husoma nikitafuta kitu kingine: mwandishi amebadilisha nini, na badiliko hilo linamfunika nani, linamfunua nani.

Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Wengi wetu tuliisoma shuleni, wengine kwa hiari, chini ya dawati, mwalimu wa hesabu akiendelea ubaoni. Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba Kongowea Mswahili ndiye Walibora. Ile "mimi" yake haikuachi upumue. Lakini Kongowea ni mtoto wa Tanga, mama yake mwimbaji wa taarab, na Walibora ni mtu wa bara aliyekulia Trans Nzoia. Na safari ya Kongowea inaelekea wapi? Kitale. Mtoto wa pwani anavuka mpaka na nchi nzima kumtafuta baba yake pande zilezile ambako mwandishi alikulia.

Hilo ndilo badiliko ninalolihusudu. Sisi wengine tunaanzia nyumbani halafu tunampeleka mhusika mbali: kijana anatoka kijijini, anapanda basi, anafika mjini, anaibiwa begi. Walibora alienda kusimama Tanga, akaitazama Kitale kwa macho ya mtu asiyeijua. Mahali alipopazoea pakawa mahali pa kuulizia njia. Nadhani ndiyo maana hamu ya yule mtoto inaaminika hivyo. Mwandishi hakuhitaji kutunga hamu ya kufika, alihitaji tu kujinyang'anya nyumba yake kwa muda. Alipokuja kuandika tawasifu akaiita Nasikia Sauti ya Mama, na jina hilo peke yake lilinirudisha kwa Zainabu Makame, mama yake Kongowea, ambaye riwayani anamwacha mwanawe mapema. Sitasema zaidi ya hapo. Nimeshakataa kuchora mistari.

Adam Shafi ni kisa kigumu zaidi. Baada ya Rais Karume kuuawa Zanzibar, tarehe 7 Aprili 1972, watu wengi walikamatwa, Shafi akiwa mmoja wao. Aliujua ukuta wa seli kwa mgongo wake. Miaka zaidi ya thelathini ikapita ndipo ikatoka Haini, mwaka 2003, hapa Nairobi, na aliyeko ndani ya seli anaitwa Hamza. Kwa nini Hamza? Si kwamba Shafi hawezi kusema "mimi". Miaka kumi baada ya Haini alitoa Mbali na Nyumbani, kumbukumbu za ujana wake na safari zake, na mle anajitaja bila haya. Kwa hivyo safari aliisimulia yeye mwenyewe, gereza akampa mtu mwingine alisimulie.

Nimelifikiria hili sana. Jibu rahisi ni woga, na sitaki kulidharau, woga ni sababu nzuri tu. Lakini kuna jibu la kiufundi pia. Mfungwa anaijua seli yake na sauti zinazopita mlangoni, basi. Hajui mkewe alipika nini usiku ule wa kwanza au kama alipika. Hajui askari aliyempiga aliporudi nyumbani alimwambia nini mtoto wake. Ushahidi wa mtu mmoja hauna ruhusa ya kuingia huko, riwaya inayo. Halafu kuna hili: mtu akitoa ushahidi kwa jina lake, wenye nguvu wanaweza kumjibu kwa jina lake, fulani ni mwongo, tunamjua. Hamza huwezi kumjibu hivyo. Shafi alibadilisha jina ili maumivu yasiwe ya mtu mmoja anayeweza kukanushwa. Soma zile kurasa za mateso uone kama kuna mahali amepamba. Mimi sikupaona.

Nilitaka kutoka hapo na kanuni. Hata niliiandika kwenye daftari: badilisha sura, acha moyo. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume kabisa. Niliacha sura ya shangazi nzima, mwanya wake, "mrembo" wake, kibanda chake, halafu nikaingia ndani nikabadilisha moyo, nikamfanya mwizi. Kanuni ilinifaa sana, ilinieleza kosa langu kwa maneno manne. Kisha nikasoma tena Rosa Mistika na kanuni ikavunjika.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe. Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, 1971, inaanzia wapi? Namagondo. Hakubadilisha hata jina la kijiji. Mtu wa kwao angeweza kusoma na kuanza kuwatafuta akina Zakaria kwa vidole: baba mlevi, mkali kwa binti kupita kiasi, anayempiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Tanzania ilikipiga marufuku kitabu hicho mashuleni, na baadaye kikaja kufundishwa humohumo. Sababu iliyotolewa ilikuwa ile ya siku zote, maadili, mambo ya kitandani yasiyofaa watoto. Mimi naona kilichochoma ni kwamba kiliandikwa kana kwamba mwandishi amesimama uani kwa mtu halisi na kusema: tatizo la Rosa halikuanzia mjini. Liko hapa, kwenye boma hili, limeshika fimbo.

Na bado Kezilahabi ana badiliko lake, limekaa mwishoni. Rosa akishajiua, riwaya haiishi. Tunapelekwa mbele ya Mungu, na Rosa na Zakaria wanakabiliana pale. Nakumbuka darasani tuliicheka sehemu hiyo. Ilionekana kama mwandishi amechoka na uhalisia akaita malaika wamsaidie. Leo naiona vingine. Ni mahakama gani Ukerewe ya miaka ile ingesikiliza kesi ya binti dhidi ya baba yake kwa kosa la kumlea vibaya? Haikuwepo. Kijiji alikichukua kama kilivyo, lakini mahali ambapo Rosa angesikilizwa ilibidi atunge, na alilazimika kwenda mbali hivyo kupapata. Kipande kisicho na uhalisia hata chembe ndicho kinachotuonyesha nini kilikosekana Namagondo. Si kwamba kimeandikwa vizuri kuliko vingine, hapana, mazungumzo yake yana ugumu fulani. Lakini ukikitoa, Zakaria anabaki hajaulizwa kitu.

Wakati mwingine mambo hugeuka, hadithi ndiyo inayotoka kwenda kutafuta watu. Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa uhamishoni, alichapisha Matigari kwa Gĩkũyũ mwaka 1986, na mwanzoni kabisa anamwambia msomaji kwamba kisa hakina nchi wala mwaka, akiweke anapotaka. Watu wakakiweka Kenya. Kwa jinsi Ngũgĩ mwenyewe alivyosimulia, ripoti zilifika serikalini kwamba kuna mtu anaitwa Matigari anazunguka akidai ukweli na haki, na amri ikatolewa akamatwe. Polisi wakagundua ni mhusika wa kitabu. Basi, Februari 1987, wakakikamata kitabu chenyewe madukani. Sisi huicheka stori hii kila tunapoisimulia, na ni ya kuchekesha kweli, manze, kumsaka mtu wa kwenye karatasi! Lakini wale maafisa walikuwa wasomaji kama wale mama wa chama. Walisikia jambo lililoandikwa likifanana na jambo walilolijua, wakauliza: huyu ni nani, na amejuaje?

Kuna njia nyingine, ya kuweka uongo mezani waziwazi. Januari 2014 Binyavanga Wainaina alitoa insha aliyoiita sura iliyopotea ya tawasifu yake. Anaanza akiwa kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa, mwaka 2000, na anamwambia kwamba yeye ni shoga. Lakini ametuambia tangu mwanzo kwamba sivyo ilivyokuwa. Alikuwa Afrika Kusini. Mama alikufa kabla hajafika, na maneno yale hayakusemwa kamwe. Wengi walisoma insha ile kwa habari iliyobeba, wakagombana kuhusu hiyo habari tu. Mimi huirudia kwa mpangilio wake. Angeanza na ukweli, ingekuwa taarifa ya mtu aliyechelewa. Ameanza na tukio ambalo halikutokea, tukaingia chumbani, tukamwona mama, halafu akatuondolea kitanda. Ndipo tunajua kilichopotea kina ukubwa gani. Na hakuna anayeweza kumlaumu kwamba alimsingizia mama yake, kwa sababu ametuonyesha mshono uko wapi.

Kwenye kikundi chetu cha kuandika kuna utetezi mmoja unaonimaliza nguvu. Mtu analeta hadithi, mnamwambia hapa hapaaminiki, naye anajibu, "Lakini ilifanyika!" Kana kwamba mjadala umeisha. Siku hizi naona hata majarida yanaweka juu kabisa, "kisa cha kweli", kama stempu ya kuzuia maswali. Mwenzetu mmoja alileta stori ya mtu anayekutana na kaka yake aliyepotea miaka kumi na moja, ndani ya matatu ya Rongai. Wanatambuana, wanakumbatiana, abiria wanapiga makofi. Tukasema hapana, hii ni sinema. Akakasirika: ni mimi, ni kaka yangu, ilifanyika! Tukamwomba aeleze kwa mdomo. Akasema walikaa viti viwili vya mbele, na kwa vituo viwili hakuna aliyesema neno, kila mmoja akiogopa kwamba amekosea mtu. Makanga alipofika, yule kaka akatoa mia mbili akasema, "Wawili." Ndiyo ilikuwa salamu. Sote tukaduwaa. Hiyo hakuiandika. Aliandika makofi ya abiria, ambayo hayakuwepo.

Hapo ndipo nilipoanza kumjibu yule mama wa chama. Makofi yale aliyatoa wapi? Hakuyaona. Aliyatoa mahali ambapo sote tunayatoa, kwenye filamu, kwenye stori zilizokwisha kusimuliwa, akayavaa bila kupima. Na mimi pesa zangu zilizohamishwa nilizitoa wapi? Nilijidanganya kwamba nilizitunga, kwamba hiyo ndiyo kazi ya mawazo yangu huru ya kiuandishi. Lakini nimekua nikisikia utani huo kila siku: mweka hazina wa chama amejenga, mweka hazina wa chama amenunua kochi jipya, mwanamke akishika pesa za wenzake zinapata miguu. Kwenye redio asubuhi, kwenye vichekesho, ndani ya matatu, hata kwa wajomba zangu siku za harusi. Mama aliuliza kama nilisikia mahali. Nilisikia kila mahali. Hakuna aliyesema habari za shangazi yangu, walisema habari za wanawake wote, nami nikaja nikaivika kejeli hiyo mwanya na kibanda cha mtu mmoja aliyenipa kitanda siku mbili.

Kwa hivyo sehemu niliyodhani ni ya kubuni ndiyo iliyotoka moja kwa moja mtaani, bila kubadilishwa chochote. Nilirudi kumwambia yule mama hivyo. Alinisikiliza, akasema, "Heri umejua," akaendelea kuchambua sukuma wiki. Jarida liliondoa hadithi nilipoomba. Chama bado kipo. Shangazi hayuko tena kwenye kuweka pesa, alijiondoa mwenyewe, na akiulizwa anasema macho yamechoka kuhesabu.

Na machozi? Nilimuuliza miezi mingi baadaye, kwa nini lilikuwa limemkera hilo la kulia, si ni jambo la kawaida mtu kulia. Akaniambia asubuhi ile alifika saa kumi na moja, akakuta mabati yamejikunja, akasimama kama mtu anayesubiri gari. Jirani yake wa kibanda, muuza mapazia, ndiye aliyekuwa akilia. Shangazi akaenda kumnunulia chai na mandazi mbili, akalipa, akarudi nyumbani kwa miguu mpaka mtaani. Akalala. Alilala mchana kutwa, usiku kucha, akaamka kesho yake saa sita. Alisema hajawahi kulala hivyo tangu amekuwa mama. "Wewe ulikuwa hapo siku ya pili, uliniona nimevimba macho, ukasema nimelia. Ningelia saa ngapi? Nilikuwa nimelala."

Nilikuwa pale. Nilimwona. Na nikaandika majivu na magoti.

Naiandika upya sasa. Nimeihamishia soko lingine, mji mwingine, mwanamke anauza viatu na hana mwanya. Ameamka saa sita mchana na hajui ni siku gani. Haigeuki mwishoni, na mwalimu wangu wa warsha hataipenda. Wiki iliyopita niliipeleka Gikomba nikamsomea shangazi rasimu, yeye akiwa amesimama anakunja mali, wateja wakipita, "mrembo, ingia, mrembo, kuna saizi yako." Sikujua kama ananisikiliza mpaka nilipofika mahali ambapo mwanamke anauza jozi ya raba kwa mia mbili hamsini.

"Hapo pa raba," akasema, bila kugeuka. "Mia mbili hamsini ilikuwa kabla ya korona. Weka mia saba."

Nikatoa kalamu nikaweka mia saba.